Chukudu na mashujaa wa barabara ya Sake

Januari 2025 jina la Mubambiro lilisikika kote Afrika. Eneo hilo la Masisi, mashariki mwa Kongo, lililo kando ya barabara ya Goma kwenda Sake, lilitajwa kwa sababu ya kambi ya kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), kilichoundwa na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Sake ilitekwa na waasi wa M23, na tarehe 27 wakaingia Goma. Taarifa za siku zile zilihesabu askari na silaha. Waendesha chukudu, walioihudumia barabara hiyo miaka mingi kabla ya vita hivyo, hawakutajwa.

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kilichoenea Kivu Kaskazini tangu miaka ya 1970, enzi za Zaire. Mafundi hukichonga kwa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, na kuvisha magurudumu mpira wa matairi yaliyochakaa. Kwenye mteremko, mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao uliopigiliwa kipande cha mpira ili asichubuke, huku akisukuma kwa mguu wa pili. Akitaka kupunguza mwendo, hukanyaga mpira wa nyuma ukalibana gurudumu. Kwenye mpando hushuka na kusukuma kwa nguvu zake zote. Hakuna mafuta wala injini, na bado mamia ya kilo hufika sokoni.

Viazi, maharage, kabichi, ndizi na mkaa huteremka kutoka milima ya Masisi hadi Sake, kisha hupita Mubambiro kwenye uwanda wa mawe ya volkano. Ni safari ya zaidi ya kilomita 20 hadi Goma, na kwa miaka mingi wakazi wa mji huo wamekula kwa jasho la watu hawa.

Nchini Kongo, ushujaa una tarehe zake. Januari 16 huadhimishwa kifo cha Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001. Januari 17 ni siku ya Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961. Tarehe hiyohiyo ya 17, mwaka 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma na zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila makazi. Mji ulijengwa upya juu ya lava iliyoganda, na mbao na mabati mengi yalisafirishwa kwa chukudu.

Ndiyo maana sanamu iliyozinduliwa Goma mwaka 2009 ina uzito wake. Katikati ya mzunguko wa barabara, pale panapoitwa Rond-point Tshukudu, alisimamishwa mwendesha chukudu wa rangi ya dhahabu. Si jenerali wala rais. Ni mchapakazi asiye na cheo, aliyepewa heshima ambayo kwa kawaida huwekewa wakubwa.

Matukio yaliyofuata yalithibitisha kwamba heshima hiyo ilistahili. Mei 2021 volkano ililipuka tena. Serikali ilipoamuru sehemu kubwa ya Goma ihame tarehe 27, watu wapatao 400,000 waliondoka, na wengi walishika njia ya Sake. Februari 2024 vita vilipofika viungani mwa Sake, msafara uligeuka, watu wakakimbilia Goma. Katika misafara ya namna hii chukudu hubeba magodoro, sufuria, watoto na wazee wasioweza kutembea.

Ushujaa wa mtu wa kawaida haungoji siku moja kuu. Ni kuamka alfajiri na kurudi barabarani, ingawa jana palilia risasi, kwa sababu kuna jiko linalongoja mkaa na mtoto anayengoja viazi.

Hata hivyo, sanamu haimlishi mtu. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS, ya Ubelgiji, ilihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, ambako askari, waasi na maofisa hutoza watu pesa. Anayesukuma mzigo kwa miguu yake hulipishwa pia. Tukimwita shujaa huku tukimpora njiani, tunamdhihaki. Heshima yake ya kweli ni njia salama, kizuizi kilichoondolewa, na ujira wake kumfikia mkononi ukiwa kamili.