Kigoda cha Murile: Safari ya Anga, Vitisho na Kicheko katika Masimulizi ya Wachagga wa Kilimanjaro

Mjadala kuhusu bunilizi ya kisayansi katika Kiswahili huanza, mara nyingi, na Walenisi ya Katama Mkangi, riwaya iliyochapishwa mwaka 1995. Sababu ziko wazi. Ndani yake kuna mfungwa aliyehukumiwa kifo, kuna chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa jeneza lake, na kuna sayari ambayo jina lake, likikatwa vizuri, linamgeukia msomaji na kumwambia kwamba wale ni sisi. Hata hivyo, mwanzo huo unaacha nje masimulizi yaliyokuwa yakitambwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kabla riwaya ya Kiswahili haijazaliwa. Makala haya yanachunguza mojawapo ya masimulizi hayo, ngano ya Murile. Yanadai kwamba ngano hiyo imekwisha kuunganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida hudhaniwa kuwa ya kisasa: safari ya nje ya dunia, kitisho cha viumbe visivyo vya kawaida, na mzaha.

Ngano ya Murile iliingia katika maandishi kupitia Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi kwa sehemu kubwa ya muda wake hadi mwaka 1938. Mkusanyo wake wa ngano za Wachagga, Volksbuch der Wadschagga, ulitoka kwa Kijerumani mwaka 1914. Alice Werner aliisimulia upya kwa Kiingereza katika kitabu chake cha visasili vya Kibantu cha mwaka 1933. Njia hiyo, Kichagga kwenda Kijerumani kisha Kiingereza, ina maana yake katika historia ya fasihi. Gutmann alikuwa mtetezi mkubwa wa Kichagga katika kanisa na katika elimu, na hakukiona Kiswahili kuwa chombo kinachofaa kubebea moyo wa jamii hiyo. Msimamo huo ulisaidia kuhifadhi mengi. Lakini pia uliifanya ngano iliyosafiri mpaka maktaba za Leipzig na London isiwe sehemu ya urithi ambao mwandishi wa Kiswahili angeukuta rafuni.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye kihamba. Murile anakwenda na mama yake kuchimba magimbi, anaokota gimbi moja na kusema kwamba ni zuri kama mdogo wake. Mama anacheka. Gimbi litafananaje na mtoto? Kicheko hicho ndicho mlango wa kitisho. Murile analificha gimbi kwenye uwazi wa mti na kulisomea maneno. Linageuka mtoto wa kweli. Analilisha kwa siri kutokana na chakula chake mwenyewe, naye anakonda. Wadogo zake wanamfuatilia, wanamwarifu mama, na mama anakwenda kukiua kiumbe kile. Murile anapokikuta kimekufa analia bila kutaja sababu. Akiulizwa, anasingizia moshi wa mekoni. Anahamishwa upande wa pili wa meko, bado analia. Anahamishwa tena, bado. Hatimaye anaambiwa achukue kigoda cha baba yake akakae uani. Hapo anakiamuru kigoda kipande juu kama kamba ya baba yake inavyopanda mtini anapotundika mzinga wa nyuki. Kigoda kinapaa.

Mambo mawili yanastahili kutazamwa kwa utulivu hapa. Kwanza, mzaha wa moshi haukuwekwa kupunguza uzito wa msiba. Ndio unaouchelewesha ili upasuke mahali pasipotarajiwa: mtoto anahamishwa hatua mbili tatu kwa sababu ya uongo mdogo, na hatua ya mwisho inamtoa duniani. Pili, chombo cha safari hakikuletwa kutoka mbali. Ni samani ya nyumbani, na kanuni ya mwendo wake imeazimwa kutoka katika kazi inayojulikana na kila aliyeishi karibu na msitu wa mlima, yaani kutundika mizinga. Bunilizi ya kisayansi ya Ulaya ya karne ya 19 ilifanya vivyo hivyo: Jules Verne, mwaka 1865, alipeleka watu wake mwezini kwa mzinga wa kivita, teknolojia ambayo wasomaji wake waliifahamu. Kwamba Kiswahili hutumia neno mzinga kwa vyote viwili, wa nyuki na wa vita, ni sadfa ya lugha tu, ingawa fanani mwenye ulimi mwepesi asingeiacha ipite.

Sehemu ya angani imejengwa kwa mfululizo wa makutano. Murile anawakuta watu wanaookota kuni na kuwauliza njia ya kwenda kwa Mangi wa Mwezi. Wanamtaka kwanza awasaidie kuokota; akimaliza wanamwelekeza kwa wakata majani. Wakata majani nao wana sharti lao, na kadhalika, kundi baada ya kundi. Mgeni aliyevuka mbingu anatozwa ushuru wa jasho kama mpita njia yeyote anayekatiza shamba la watu. Hadhira inacheka kwa sababu anga limefanana mno na nyumbani, na kitisho kinatoka katika kufanana huko huko, maana hakuna ajuaye ni kundi la ngapi ambalo halitakuwa na haja ya kuni.

Anapofika kwa Mangi wa Mwezi anakuta watu wanakula vyakula vibichi. Hawajui moto. Murile hawafundishi bure. Anapatana kwanza, kisha anapekecha vijiti na kupika. Analipwa ng'ombe na mbuzi, anakuwa tajiri. Kwa msomaji wa leo kipengele hiki ndicho kinachoipa ngano sura ya kisayansi zaidi, kwa kuwa tofauti kati ya dunia mbili inapimwa kwa ufundi na ufundi huo una bei. Moto una nafasi ya pekee katika masimulizi ya mlima huu. Simulizi moja inayojulikana sana inaeleza kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hadi Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi. Ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka na kuvunjikavunjika. Mahali ambapo jirani aombaye makaa anaweza kupigwa mpaka akabaki na makovu ya milele, kuupeleka moto mwezini na kurudi na mifugo si jambo dogo.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya usomaji huu, nalo ni kwamba kuiita ngano bunilizi ya kisayansi ni kuivika nguo isiyokuwa yake. Pingamizi hili lina nguvu likielekezwa kwenye istilahi. Likielekezwa kwenye historia ya maarifa mlimani, linadhoofika. Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alimuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, na jibu lilikuwa neno moja la Kiswahili: baridi. Wakati huo huo Rebmann alisikia habari za fedha iliyorundikwa kileleni na majini waliowaangamiza walioifuata. Aliambiwa pia habari za Mangi Rungua wa Machame, aliyewahi kupeleka watu kuuchunguza weupe huo. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika, na madhara hayo yakanasibishwa na pepo. Maelezo ya baridi na maelezo ya pepo yalikaa pamoja bila ugomvi. Ugomvi ulikuwa London, ambako mwanajiografia William Cooley, asiyewahi kufika, aliikana theluji yenyewe. Safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 ndizo zilizoumaliza ubishi huo.

Mpangilio huo wa kukutana na ajabu kwanza na kuieleza baadaye ulijirudia juu zaidi ya Kibo. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, na moja ya vituo vilivyofuatilia safari yake kilikuwa Unguja. Katika safari hiyo aliona chembe zinazong'aa zikielea nje ya chombo kama vimulimuli, na hakuweza kuzieleza. Miezi mitatu baadaye Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake kutoka ndani, chembe zikatawanyika. Ulikuwa ni ukungu ulioganda. Baridi, tena. Kiongozi wa Rebmann asingeshangaa.

Kati ya kigoda cha Murile na chombo cha Mkangi imesimama Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, nchi inayoelea angani. Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliopelekwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa, na kila mmoja akaishia kifungoni. Wahakiki wamelisoma fumbo hilo kama dhihaka kwa dola ya kikoloni, na usomaji huo unatosheleza. Linaloachwa kando ni umbo. Huu nao ni mfululizo wa safari za ajabu wenye hatari inayotoka kwa wenyeji, si kwa wageni, kama ilivyo kwa Murile. Makala haya hayadai kwamba Shaaban Robert aliijua ngano ya Old Moshi. Yanadai tu kwamba mwandishi wa leo anayetaka kutunga mfululizo wa kuchekesha na kutisha kuhusu mizimu ya angani halazimiki kuazima kanuni zake kutoka kwenye filamu za Marekani.

Kurudi kwa Murile kunathibitisha hilo. Anawajaribu ndege mmoja mmoja wapeleke ujumbe nyumbani, akiwakataa wasioweza kutamka maneno ipasavyo, mpaka anapompata anayefaa. Njiani anachoka, na fahali wake anakubali kumbeba kwa sharti kwamba nyama yake asiile kamwe. Murile anawaeleza wazazi wake sharti hilo, nao wanakubali. Miaka inapita, fahali anazeeka, baba anamchinja. Mama, yule yule aliyecheka shambani na kumuua mtoto wa gimbi, anaona mwanawe hawezi kukosa kabisa, anahifadhi mafuta na kuyachanganya na unga. Murile anaonja. Nyama inamsemesha mdomoni, ardhi inaanza kummeza kuanzia miguuni, naye anamlaumu mama yake kwa wimbo huku akizama. Aliyeondoka kwa kupaa anapotea chini, ndani ya uwanja wa nyumba yao, na chakula bado kiko mezani mwa mama.