Usiku Mtakatifu

Usiku Mtakatifu ni wimbo wa Krismasi ulioanzia nchini Austria, ambako hujulikana kwa Kijerumani kama Stille Nacht. Maneno yake yaliandikwa na padri Joseph Mohr mwaka 1816, naye Franz Xaver Gruber, mwalimu na mpiga kinanda, akautungia muziki. Uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Mt. Nikolasi, Oberndorf, karibu na Salzburg: watunzi waliimba wenyewe kwa sauti mbili, Mohr akipiga gitaa.

Familia za waimbaji kutoka Tyrol ziliueneza Ulaya. Mojawapo, akina Rainer, waliufikisha New York mwaka 1839. Kwa muda mrefu wengi hawakumjua mtunzi wake, hata wengine wakamdhania Haydn au Mozart. Hati ya Mohr iliyogunduliwa mwaka 1995 ilithibitisha mwaka wa kuandikwa kwa maneno ya wimbo.

Wimbo una beti sita, ingawa kwa kawaida huimbwa tatu. Unamsifu Kristo aliyezaliwa Bethlehemu kuwa Mwokozi. Huimbwa na Wakatoliki na Waprotestanti, wakiwemo wa Afrika Mashariki, hasa katika ibada za mkesha wa Krismasi.