Hesabu ya Akili na Ushahidi wa Dadu

Mwanafunzi akirusha dadu mara 60, nadharia yatarajia kila uso utokee mara 10. Aghalabu matokeo huwa mengine: huenda sita ikatokea mara 14, na mbili mara 7. Hapo twakutana na uwezekano wa aina mbili: ule wa nadharia, upatikanao kwa kufikiri, na ule wa majaribio, upatikanao kwa kurusha na kuandika. Vikihitilafiana, tuamini kipi? Historia yatupa mifano miwili, na hukumu zake hazifanani.

Mfano wa kwanza watoka Italia, mwanzoni mwa karne ya 17. Wacheza kamari waliotumia dadu tatu walikuwa wametambua, kwa mazoea ya muda mrefu, kwamba jumla ya 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko jumla ya 9. Jambo hilo liliwatatiza, kwa maana kila jumla hupatikana kwa mafungu sita ya namba. Galileo Galilei alipoulizwa, alionyesha kuwa mafungu hayo hayalingani. Fungu la 1, 2 na 6 laweza kutokea kwa njia sita, kwa kuwa kila dadu yaweza kubeba namba yoyote kati ya hizo. Fungu la 3, 3 na 3 lina njia moja tu. Katika njia zote 216, jumla ya 9 ina njia 25, na 10 ina 27. Basi macho ya wacheza kamari yalikuwa sahihi; kasoro ilikuwa katika hesabu yao.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Mwaka 1894 mwanabiolojia W. F. R. Weldon alikusanya matokeo ya dadu 12 zilizorushwa pamoja mara 26,306, yaani nyuso 315,672. Theluthi yake, nyuso 105,224, zilitarajiwa kuwa 5 au 6. Zilitokea 106,602. Ziada hiyo ni kama nne tu katika kila nyuso 1,000, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1900 Karl Pearson alitoa kipimo cha kulinganisha yaliyotarajiwa na yaliyotokea, akakitumia kwa takwimu hizo, akaona kuwa bahati peke yake haitoshi kuzieleza. Safari hii hesabu ilikuwa sawa. Zilizoshukiwa ni dadu zenyewe. Nukta zake zikiwa vishimo, uso wa 6 huwa mwepesi kuliko uso wa 1 unaoukabili, na upande mzito huelekea chini.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyepata 14 asiamriwe kufuta. Mara 60 ni chache mno kutoa hukumu. Matokeo ya darasa zima na yajumlishwe. Tofauti ikizidi kudumu, tukague hesabu kwanza, kisha dadu.

Nasi walimu wa lugha tuna sehemu yetu. Tuwazoeze wanafunzi kutenga vitenzi viwili: "inatarajiwa" na "imetokea". Anayevichanganya hataweza kuona hitilafu, na pasipo kuiona hitilafu, Galileo asingekuwa na swali la kujibu, wala Pearson takwimu za kupima.