Reli ya Malaba na Safari za Meli

Kabla reli haijavuka mto Malaba, msafiri wa kutoka Mombasa kwenda Kampala alilazimika kupanda meli. Garimoshi lilimfikisha Kisumu, akashuka na mizigo yake hadi gatini, na safari iliyobaki akaimalizia kwenye Ziwa Victoria. Kwa takriban miaka 30 mlango wa kuingilia Uganda ulikuwa majini. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako leo malori yanajipanga kwa kilomita nyingi yakisubiri kuvuka, ilikuwa kando kabisa ya njia kuu.

Na ilibaki kidogo tu bandari ya reli iwe upande wa Busia. Wapimaji walioongozwa na Kapteni J. R. L. Macdonald mwaka 1892 walipendekeza reli iishie Port Victoria, huko Bunyala, karibu na mahali mto Nzoia unapoingia ziwani. Baadaye ilionekana kwamba njia ya kuteremkia Kisumu ni fupi zaidi, na mpango ukageuzwa. Port Victoria ikabaki na jina lake kubwa na wavuvi wake.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Wakati huo Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda, na kwa miezi michache reli hiyo, iliyoitwa Reli ya Uganda, ilikuwa kweli imeifikia Uganda. Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wote wa mashariki na kuutia chini ya himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka mpya ukapita katikati ya Wateso: jamaa wa upande wa Amagoro wakawa chini ya serikali moja, na ndugu zao wa Tororo chini ya nyingine, huku mashamba na makaburi yao yakiwa pale pale yalipokuwa.

Meli za ziwani nazo zilikuwa na safari yao kabla ya safari. Hakuna mto unaoweza kupitisha meli kubwa kutoka Bahari ya Hindi hadi ziwa lililo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo meli iliundwa Uingereza ikaungwa kwa bolti tu. Kila kipande kikatiwa namba, kisha meli nzima ikafumuliwa na kufungwa kwenye makasha. Meli ya kwanza, William Mackinnon, ililetwa kabla reli haijafika, na sehemu kubwa ya vipande vyake ilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani, kupita nyika ya Taru na kupanda hadi nyanda za juu. Vingine vilichelewa njiani miaka. Iliunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Hakuna mnara wa wapagazi hao, wala majina yao hayamo kwenye vitabu vinavyolisifu jina la tajiri Mackinnon, na hilo ni deni ambalo historia ya ziwa haijalilipa.

Zilizofuata zilikuja kwa reli: Winifred, Sybil, na mwaka 1907 Clement Hill, iliyokuwa na vyumba vya kulala vya abiria. Kisumu ikawa na mafundi wake. Mabamba ya chuma yalipangwa kwa kufuata namba, ribiti zikapashwa moto hadi zikawa nyekundu, mmoja akazishika kwa koleo na mwenzake akazipiga nyundo kabla hazijapoa. Ujuzi huo ulishuka kutoka kizazi hadi kizazi, na karakana ya Kisumu ikaendelea kuunganisha meli za ziwa muda mrefu baada ya William Mackinnon kuzamishwa kwa makusudi.

Ni kwa Clement Hill ambapo Winston Churchill, kijana wa wizara ya makoloni wakati huo, alivuka kwenda Entebbe mwishoni mwa 1907. Miaka miwili baadaye Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, naye alivuka ziwa kwa meli. Wageni kama hao waliandika habari za machweo na upepo wa ziwa. Lakini walio wengi melini hawakuwa na vyumba. Walikuwa wafanyakazi, wachuuzi na jamaa waliokwenda kuzika au kuoa, na walikaa kwenye sitaha na mizigo yao, wakiteremka Entebbe, Bukoba, Mwanza au Musoma. Kwao meli ilikuwa njia ya maisha, na mtandao wa undugu unaozunguka ziwa hadi leo ulishonwa sehemu kubwa na sitaha hizo.

Kisha reli ikageuza njia. Katika miaka ya 1920 tawi jipya lilitoka Nakuru, likapanda hadi Eldoret, likateremka kuelekea magharibi, likavuka mpaka Malaba na kuingia Tororo. Mwaka 1931, baada ya daraja la Nile kukamilika Jinja, garimoshi likafika Kampala bila abiria kugusa maji. Kisumu ikawa mwisho wa tawi. Malaba ikawa stesheni ya mpakani.

Ajabu ni kwamba reli hiyo hiyo iliyozinyang'anya abiria meli za Ziwa Victoria ilizipelekea abiria meli nyingine. Kutoka Tororo njia iliungana na reli ya Busoga, iliyokuwa imejengwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali, bandari ndogo kwenye Nile. Hapo zilingoja meli za Ziwa Kyoga, Speke, Stanley na Grant, zenye gurudumu kubwa la mbao nyuma lililopiga maji na kuzisukuma kati ya mafunjo. Mtalii aliyepita Malaba kwa treni aliweza kushuka Namasagali, akavuka Kyoga hadi Masindi Port, akachukua gari hadi Butiaba, kisha akapanda Robert Coryndon, meli iliyoanza kazi Ziwa Albert mwaka 1930 na kuwa fahari ya maji hayo. Mbele yake kulikuwa na maporomoko ya Murchison, na baada ya hapo Sudani. Maeneo hayo hayo ndiko sehemu za sinema *The African Queen* zilikopigwa mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa wamekuja na mitambo yao hadi Butiaba.

Pamba ndiyo iliyolipa gharama za meli za Kyoga, na pamba hiyo nayo ilichukuliwa na reli. Tawi la kutoka Tororo kwenda Soroti lilipofunguliwa mwaka 1929, marobota ya Teso yalipata njia ya haraka zaidi. Safari za meli zilizobaki zilimalizwa na mvua. Kuanzia mwishoni mwa 1961 maji ya maziwa yalipanda kupita kiasi, magati ya Butiaba yakafunikwa, na Robert Coryndon ikazama pale pale bandarini.

Namasagali ikabaki na nyumba tupu, maghala na karakana. Serikali ya Busoga ikaamua kuzitumia kwa shule ya sekondari, na mapadre wa shirika la Mill Hill wakaja kuisaidia. Shule hiyo, Namasagali College, ilijulikana Uganda nzima kwa jambo ambalo wachache wangelitegemea kwenye bandari iliyokufa: maigizo na ngoma. Wanafunzi walikuwa wakiandaa onyesho kubwa na kulipeleka Kampala kwenye Ukumbi wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 1959, na wazazi wakafuata kutoka wilayani. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Rebecca Kadaga, Spika wa Bunge la Uganda kuanzia 2011 hadi 2021.

Si wao tu waliosafiri na maigizo. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na mhadhiri David Cook, walianzisha jukwaa la kusafiri. Walitoa likizo zao bila malipo, wakaingia barabarani na kuigiza kwenye kumbi za shule na viwanja vya wazi, bure, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Kwa watazamaji wengi wa mijini na vijijini hiyo ilikuwa tamthilia ya kwanza kuiona. Vijana hao wanastahili sifa: walikwenda walipo watu badala ya kungoja watu waje Kampala.

Tukirudi ziwani, mwaka 1961 Ziwa Victoria lilipata tena meli ya fahari, Victoria, iliyoletwa kwa vipande kutoka Scotland na kuungwa Kisumu kama zile za zamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ya reli na bandari iligawanywa, na Victoria ikawa ya Tanzania. Malaba, iliyokuwa stesheni ya kupita tu, ikawa mahali pa kusimamishwa na kukaguliwa. Ziwani nako, ajali ya meli ya MV Bukoba ya 21 Mei 1996, iliyoua mamia ya watu karibu na Mwanza, iliwatia watu hofu ya maji ambayo haijaisha.

Hata hivyo Victoria ilikarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi kubeba abiria kati ya Mwanza na Bukoba. MV Uhuru nayo ilirudi kazini Kisumu mwaka 2019, ikipeleka mafuta Port Bell. Mafuta yanavuka ziwa, ila abiria wa Kisumu anayekwenda Kampala bado anapanda basi, anashuka Busia kugongewa muhuri, na kuendelea kwa barabara. Gati lipo, mafundi wapo, na watu wa pande zote mbili za mpaka wana ndugu ng'ambo ya maji. Serikali za Kenya na Uganda zingepanga safari moja ya abiria kwa wiki, kwa nauli ambayo mchuuzi anaimudu.