Filamu za kupinga vita (Afrika Mashariki)

Filamu za kupinga vita ni filamu za kubuni au za hali halisi zinazovitazama vita kwa macho ya wanaoumia: abiria, mjane, mlemavu, askari aliyetelekezwa. Makala hii inataja zile za Afrika Mashariki na Kongo zinazofaa kutazamwa nyumbani, hasa katika vijiji vilivyoonja vita vyenyewe, kama Mkokoni.

Mkokoni na vita

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, Lamu Mashariki nchini Kenya, mkabala na kisiwa cha Kiwayu. Vita vya Shifta, vita vya kujitenga vya kaskazini-mashariki mwa Kenya vya miaka ya 1960, viliwang'oa Wabajuni wengi wa ukanda huo, wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Septemba 2011 hoteli ya kitalii karibu na Kiwayu ilivamiwa. Mgeni Mwingereza akauawa na mkewe akatekwa. Mwezi uliofuata jeshi la Kenya liliingia Somalia kupambana na kundi la Al-Shabaab. Yakaja mauaji ya mji wa Mpeketoni, Lamu, ya Juni 2014, Operesheni Linda Boni ya vikosi vya usalama ya 2015, na marufuku ya kuvua usiku iliyowanyima wavuvi riziki kwa miaka.

Watu Wote (2017)

Ndiyo ya kwanza kupendekezwa, na ina dakika 22 tu. Iliongozwa na Mjerumani Katja Benrath alipokuwa mwanafunzi wa shule ya filamu ya Hamburg, na waigizaji wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Msingi wake ni tukio la Desemba 2015, basi la Mandera lilipovamiwa na Al-Shabaab. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2014, abiria 28 wasio Waislamu walishushwa katika basi jingine huko Mandera wakauawa. Mwaka 2015, kinyume chake, Waislamu walikataa kutengwa na wenzao, na wanawake wakawapa Wakristo mitandio ya kujisitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Filamu inamfuata Jua, mama Mkristo aliyepoteza mume na mtoto kwa magaidi, na ambaye anapanda basi akiwa hana imani na yeyote aliyeketi karibu naye. Uzuri wake mkubwa ni kwamba chuki ya Jua haifichwi wala haikemewi. Mtazamaji anaielewa, kisha anaiona ikishindwa. Ilishinda tuzo ya wanafunzi ya Oscar mwaka 2017, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi. Mwislamu na Mkristo wa Lamu wakiitazama pamoja, watakuwa na mengi ya kuzungumza.

En route pour le milliard (2020)

Filamu ya hali halisi ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, Kongo. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji huo, mji usio wa yeyote kati yao, na mamia ya raia wakauawa. Karibu miaka ishirini baadaye walionusurika, wengine wakiwa na miguu ya bandia au magongo, wanapanda boti kushuka Mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Mvua inawanyeshea, nao wanaimba, wanagombana, wanapikiana. Hamadi hawaombei huruma. Anawaacha wadai haki yao wenyewe. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyote vya miaka hiyo. Wasemaji wa Kiswahili watayafuata mazungumzo mengi bila maandishi ya chini.

Nyinginezo

La miséricorde de la jungle (2018) ya Mnyarwanda Joël Karekezi inahusu askari wawili waliopotea katika msitu wa Kongo mwaka 1998. Ilitwaa tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, mwaka 2019. Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge inagusa ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa 2007. War/Dance (2007) inawafuata watoto walioathiriwa na vita kaskazini mwa Uganda. Rebelle (2012), iliyompa mwigizaji wake Rachel Mwanza tuzo ya tamasha la Berlin, ni kali mno na haifai watoto.

Hali ya sasa

Filamu zinazopendwa katika vibanda vya video, nyingi zikisimuliwa kwa Kiswahili na msimuliaji Mkenya DJ Afro, ni za mapigano, na shujaa hupita juu ya maiti bila kugeuka. Hata Rambo alianza tofauti: First Blood ya 1982 ilikuwa hadithi ya askari aliyevunjwa na Vietnam. Msimuliaji mahiri akiichukua Watu Wote, itafika mbali kuliko tuzo zilivyoifikisha.

Vita vya Shifta vinastahili filamu ya Wabajuni wenyewe. Wazee waliokimbia wakiwa watoto wapo Lamu, Malindi na Mombasa. Vijana wenye kamera wawarekodi sasa, kwa Kibajuni chao, kabla hawajaondoka.