Barabara za Katavi

Mtandao wa barabara unaounganisha Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi (ulioanzishwa 2012 kutoka Rukwa), na mikoa jirani. Kwa miongo mingi tegemeo kuu lilikuwa reli ya Kaliua–Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi; masika, malori yalikwama matopeni. Badiliko kubwa ni lami ya Tabora–Koga–Mpanda, takriban kilomita 343, iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kuzinduliwa 2022. Mpunga, mahindi na tumbaku sasa husafirishwa kwa urahisi zaidi. Manufaa hayo hayajafika kote: Bandari ya Karema, Ziwa Tanganyika, inahitaji barabara iliyo imara vilevile.