Maria Lassnig

Maria Lassnig (1919–2014) alikuwa msanii wa Austria aliyejichora jinsi mwili unavyohisiwa kwa ndani, si jinsi unavyoonekana kwenye kioo. Njia hiyo aliiita ufahamu wa mwili. Kiungo alichokihisi wakati ule ndicho alichokichora. Asichokihisi alikiacha, ndiyo maana vichwa vingi havina nywele wala masikio. Picha za kamera na kumbukumbu ya sura yake aliziweka kando. Michoro yake ya rangi ndiyo iliyosifiwa zaidi, lakini penseli, kwa wepesi wake, iliwahi hisia kabla haijapotea. Aliishi Paris na New York, akarudi Vienna mwaka 1980 kufundisha. Tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice aliipata mwaka 2013, akiwa ajuza.